Wa Mwisho Kufika Soni

Kiwalani hakuna mlima. Kuanzia Bombom hadi Minazi Mirefu, na hata ukivuka Barabara ya Nyerere kuelekea Vingunguti, ardhi imelala tu. Uwanja wa ndege tunaopakana nao uko mita zipatazo 55 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa huku hujua mapema maji yanatuama wapi masika ikianza, lakini mwinuko wa kumfanya ashuke kwenye baiskeli na kuikokota hana. Mwinuko wetu wa karibu ni Pugu, na milima yenyewe ya Pugu haifiki mita 350. Ndiyo maana nilipoanza kusikia mafundi na wapanda baiskeli wa mtaani wakizungumza habari ya kuipanda Usambara kwa siku moja, kutoka Mombo hadi Lukozi na kurudi, nilisikiliza kwa hamu na kwa hofu kidogo.

Huku kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mikate, madumu ya maji, samaki, vyuma chakavu. Wanaoijua kuliko wote ni wachukuzi wa mkaa wanaoteremka kutoka Kisarawe. Ukiamka alfajiri ukasimama pembeni ya barabara pale Gongo la Mboto utawaona: magunia yamesimamishwa nyuma ya kiti na kufungwa kwa vipande vya tyubu iliyochanwa, fremu imeongezewa nondo ili isipinde, na mwendeshaji ameegemea mbele kabisa ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Wengi breki zao zimekufa siku nyingi. Mteremko wa Pugu wanaushuka kwa kukandamiza ndala kwenye tairi, na ukiwa karibu unasikia harufu ya mpira ulioungua. Kupanda, hukokota. Kila ninapowapita huwa naona haya kuitwa mwendesha baiskeli.

Nilipojiunga na kundi la kwenda Usambara, mazoezi yetu tuliyafanya kwenye barabara hiyohiyo, wao wakishuka sisi tukipanda: Kipawa, Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu, Minaki, hadi Kisarawe mjini, chai, kisha kurudi. Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha Chuo cha Mtakatifu Francis kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 aishughulikie TANU. Wazee wanasimulia jinsi alivyokuwa akitembea kwa miguu kati ya Pugu na mjini kwa ajili ya mikutano. Ukiipanda njia hiyo kwa nguvu za miguu yako mwenyewe, masimulizi hayo unayaelewa kwa namna nyingine.

Kundi letu halikuwa la wanamichezo. Alikuwamo fundi baiskeli wa Bombom, mtu mzima, mwenye kijiwe chini ya mwembe. Alikuwamo mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi mmoja ambaye wote tunamwita dada, dereva wa bajaji, mimi, na kijana anayesambaza mikate kwenye maduka ya Kiwalani na Yombo. Baiskeli zetu karibu zote zilikuwa za mtumba, zenye gia, zilizofufuliwa na fundi mwenyewe. Ya kijana wa mikate tu ndiyo ilikuwa ileile ya kazini, nzito, ya chuma, isiyo na gia hata moja. Tulimwambia tutamtafutia nyingine. Akakataa. Alisema hii anaijua.

Tulizipakia kwenye buti la basi, tukalala Mombo, na saa kumi na moja alfajiri tukaanza. Mombo ni mji wa tambarare, wa joto na vumbi, chini kabisa ya ukuta wa milima. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na kwa muda ndipo ilipokomea kabla ya kuendelezwa hadi Moshi. Ukisimama stendi ukatazama kaskazini unaiona Usambara imepanda ghafla, bila vilima vya kukuandaa. Barabara nayo haikuandai. Unatoka mjini, unavuka mashamba, na kona ya kwanza inakupokea.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33, na sehemu ya kwanza, hadi Soni, ndiyo yenye kona nyingi. Upande mmoja ni ukuta wa mawe unaochuruzika maji, upande wa pili ni korongo, na chini yake mto unasikika bila kuonekana. Lami ni nzuri lakini nyembamba. Fuso likija limejaa kabichi linapiga honi kabla ya kona, na wewe unajibana ukutani mpaka lipite.

Nilichokuja kukifahamu katika nusu saa ya kwanza ni kwamba mlima hauruhusu watu kwenda pamoja. Kwenye tambarare mnaweza kupiga soga ubavu kwa ubavu, hodari akipunguza, dhaifu akiongeza. Kwenye mpando kila mwili una mwendo wake na haubembelezeki. Ukipunguza sana kumngoja mwenzako unapoteza mizani na kuanguka. Ukijitutumua kumfuata aliye mbele, mapafu yanakuzuia. Basi kundi linachanika lenyewe, bila ugomvi na bila mtu kuamua. Mwalimu alitangulia akapotea kwenye kona. Dereva wa bajaji akamfuata. Mimi na dada tukawa katikati. Nyuma, nilipogeuka mara ya mwisho kabla ya kona kuwafunika, nilimwona kijana wa mikate ameshashuka anakokota, na kando yake fundi, ambaye angeweza kutushinda wote, naye amekaa juu ya baiskeli yake akizungusha pedali polepole kwenye gia ndogo kabisa.

"Kaka, tangulieni tu," kijana alikuwa amesema. "Mimi nakuja."

"Nani kakwambia tuna haraka?" fundi akamjibu.

Fundi ndiye aliyebeba zana zote. Pampu, solusheni, viraka, spana, tyubu za akiba, kipande cha cheni, waya wa breki: vyote vilikuwa kwenye mfuko nyuma ya kiti chake. Mwalimu alishauri zana zigawanywe, kila mmoja achukue kidogo. Fundi alikataa kwa sababu ambayo nimeifikiria mara nyingi tangu siku ile. Zana zikiwa mbele, alisema, aliyepata pancha nyuma hana wa kumsaidia, kwa kuwa walio mbele hawajui kama amepata pancha. Wanaendelea kupanda, yeye amekaa kwenye jiwe. Zana zikiwa nyuma, kila atakayeharibikiwa atafikiwa tu. Kwa hiyo mwenye zana awe wa mwisho, na asimpite mtu yeyote hata akiwa na nguvu za kumpita. Na mwenye kuifaa kazi hiyo ni mwenye nguvu, maana yeye hana wasiwasi wa kuachwa.

Kuna hekima ya utawala ndani ya utaratibu huo, na sidhani kama fundi aliitoa kwenye kitabu. Tumezoea kumweka mwenye uwezo mbele. Mbele ndiko kwenye kiti kizuri, ndiko kwenye picha. Halafu tunashangaa ikiwa walio nyuma wameharibikiwa na habari haijafika juu.

Soni ni mji mdogo kwenye kingo za maporomoko ya maji. Nilipofika mwalimu alikuwa ameshakunywa chai na jasho limemkauka mwilini. Hapo tulikaa kungoja, na kungoja kule kulikuwa sehemu nzito ya siku kuliko mpando wenyewe. Mwanzoni unafurahia kupumzika. Kisha baridi inakuingia, miguu inaanza kukakamaa, na moyoni kinajitokeza kinyongo kidogo dhidi ya mtu ambaye hajakukosea lolote: mbona alikuja na baiskeli ile, mbona hakufanya mazoezi, tutafika Lukozi saa ngapi. Niliona kinyongo hicho usoni mwa dereva wa bajaji, na bila shaka yeye alikiona usoni mwangu. Mjini hatungojani. Daladala ikijaa inaondoka, na ukichelewa hesabu imekukataa. Sasa tulilazimika kujifunza jambo ambalo miili yetu imelisahau, kumngoja mtu bila kumdai.

Dada muuguzi hakukaa. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaugeuza usukani, akateremka tena njia tuliyopanda. Hakutoa hotuba. Baada ya muda mrefu tuliwaona watatu wakitokea kwenye kona, kijana na dada wakikokota ubavu kwa ubavu, fundi nyuma yao juu ya baiskeli. Dada alikuwa ameipanda sehemu ile mara mbili. Kijana alikuwa anacheka. Hakuna aliyezungumzia muda.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka alipita bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Poleni. Mnakwenda wapi na baiskeli hazina mzigo?"

"Tunatembea tu, bibi. Tumetoka Dar."

Akatuangalia mmoja mmoja, akasema tutembee salama, akaendelea na mpando. Swali lake halikuwa la kejeli. Mlimani mtu anapanda na kushuka kwa sababu kuna kitu cha kufikisha, na alitaka kujua sisi tunafikisha nini. Nililitafuta jibu njia nzima hadi Lushoto.

Barabara hii yenyewe ina wa mwisho wake ambao hawakungojwa. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, na waliipenda kwa sababu baridi yake iliwakumbusha kwao. Mwaka 1907 katika wilaya hiyo waliweka utaratibu wa kadi: kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliopangwa na wakubwa. Barabara, mashamba na misitu ya huku vilihitaji mikono, na mikono ilipatikana kwa namna hiyo. Juu zaidi, Shume, walikata mierezi mpaka wakajenga njia ya waya angani ya kuteremsha mbao hadi kwenye reli Mkumbara. Mbao ziliruka juu ya korongo kwa waya. Watu waliozikata walishuka kwa miguu. Ukipanda Usambara kwa gari mambo haya ni habari tu. Ukipanda kwa baiskeli, kila mita ya ukuta uliochongwa unaipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, na unapata muda wa kujiuliza jiwe lile lilichongwa na nani.

Waingereza nao waliwapa Washambaa mzigo mwingine. Baada ya vita vya pili vya dunia, kuanzia bonde la Mlalo, walilazimisha watu kulima matuta kuzuia mmomonyoko, kwa sheria na faini. Watu walipinga kwa nguvu mpaka kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Leo makinga maji yapo kwenye mashamba mengi ya huko, mengi yamechimbwa na wenye mashamba wenyewe kwa hiari. Sijaona mfano ulio wazi kuliko huu wa tofauti kati ya kumsukuma mtu kwa nyuma na kumsubiri aamue.

Lushoto mjini, kwenye mita zipatazo 1,400, tulikula wali na maharage, kisha tukaanza mpando wa Magamba. Huu ni mfupi lakini miguu ilikuwa imechoka. Unaingia msituni, mwanga unapungua, na ukungu unashuka hadi kwenye lami. Mbega wenye mikia mirefu myeupe walikuwa juu ya miti wakitutazama. Sisi wa Kiwalani, tuliozoea kulala madirisha wazi kwa ajili ya joto, tulivaa kila kilichokuwa mfukoni na bado meno yaligongana. Vilele vya huku vinavuka mita 2,200.

Baada ya Magamba njia inapanda na kushuka juu ya mgongo wa milima, mahali pengine lami, mahali pengine udongo mwekundu, na pande zote ni mboga. Kabichi, karoti, viazi, hoho, zimepandwa kwenye miteremko ambayo sisi tungeogopa hata kusimama. Lukozi ndipo zinapokusanywa. Tulifika mchana ukiegemea jioni, na pale sokoni tuliwakuta vijana wanapakia Fuso la kwenda Dar es Salaam. Matenga ya karoti yalikuwa yameoshwa, yanang'aa, yamefunikwa majani. Kijana wa mikate alisimama akayatazama kwa muda. Ndizo karoti zinazouzwa kwa mafungu pale Kiwalani sokoni, kwenye meza za wamama anaowapita kila asubuhi na mikate yake, na hakuwahi kufikiri zimepita kona ngapi. Alimuuliza mpakiaji mmoja, "Kaka, hili gari linashuka saa ngapi?" Wakaanza kuzungumza kama watu wa kazi moja, mmoja anapeleka, mwingine anapokea.

Hapo nilimkumbuka bibi wa Soni. Jibu langu kwake lingekuwa kwamba mzigo wetu ulikuwa ni sisi wenyewe: kumfikisha kila mmoja juu na kumrudisha chini.

Hata mashindano makubwa ya baiskeli yanafanya kazi kwa utaratibu kama ule wa fundi, ingawa televisheni haiuonyeshi sana. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zenye jumla ya kupanda mita 5,475, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Sisi tulishangilia majina, na tuna haki ya kushangilia: mwaka uliotangulia Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho, jambo ambalo hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kulifanya kabla yake. Lakini katika kila timu wapo wanaolipwa ili warudi nyuma kwenye gari la timu, wajaze chupa za maji ndani ya jezi migongoni, wapande tena kwa kasi na kuwagawia wenzao. Wengi wa hao hatuwajui majina. Fundi wetu, akiangalia mbio zile kwenye kibanda cha video pale mtaani, alikuwa akiwaangalia hao.

Kushuka kutoka Lukozi hadi Mombo ni jambo la mikono. Nusu ya siku umeitumia miguu, sasa vidole vinashika breki mpaka vinakufa ganzi. Fundi alitusimamisha mara kwa mara, akagusa ringi ya kila baiskeli kwa mgongo wa kidole. Ringi ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka, na kwenye kona za Soni tyubu ya mbele ikipasuka hakuna cha kukuzuia isipokuwa korongo. Tulisubiri zipoe, tukaendelea. Mteremkoni kijana wa mikate alitushangaza. Uzito wa baiskeli yake uliomtesa asubuhi ulimfanya atulie barabarani. Anazijua kona kwa kuwa kila siku anaegemea na shehena ya mikate, na alishuka kwa utulivu kuliko sisi wenye gia. Ila hakutuacha. Kila baada ya kona kadhaa tulimkuta amesimama pembeni, mguu mmoja chini, anatusubiri.

Giza lilitukuta tukiwa tumekaribia Mombo. Tulikusanyika kwenye kona za mwisho, tukawasha taa, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri tukaenda wote kwa pamoja, kwa sababu mteremko ule wa mwisho ulituruhusu. Fundi alikuwa nyuma. Mfuko wa zana ulikuwa umefunguliwa kwa pancha za njiani, na hakuna aliyeachwa kwenye jiwe hata kwa dakika chache.

Sasa kijana yule amerudi kwenye mikate yake. Ukimwona saa kumi na mbili asubuhi kwenye Barabara ya Nyerere, na kreti limefungwa nyuma, hutajua kwamba ameshapanda Magamba. Utamwona akijibana kati ya lori na kingo, kama sisi tulivyojibana ukutani Fuso lilipopita, tofauti ni kwamba yeye hujibana kila siku na nyuma yake hakuna fundi. Barabara hii imejengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi kuelekea Gongo la Mboto. Barabara ya Morogoro ilipojengwa hivyo, huduma ikaanza mwaka 2016, iliwekewa njia za baiskeli pembeni, na sehemu nyingi zimegeuka maegesho ya bodaboda na meza za biashara. Umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, umelipigia kelele suala la njia hizo kwa miaka mingi. Nami naunga mkono kwa maneno machache. Wasimamizi wa Barabara ya Nyerere waiweke njia ya baiskeli, wailinde isivamiwe, na waifikishe hadi Pugu, wanakoshukia wachukuzi wa mkaa wasio na breki.